Mwongozo wa kujifunza nadharia ya ubaharia ukiwa Dar, kabla hujashika usukani

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa Dar na anaipenda bahari, labda ana rafiki mwenye mashua ndogo ya tanga, au ameshaenda Bongoyo mara kadhaa kama abiria na sasa anataka kuelewa kinachoendelea pale kwa nahodha, anajuaje apite wapi, kwanini leo tumezunguka mbali wakati jana tulinyoosha. Nadharia yake unaweza kuisoma karibu yote bila kumiliki chombo chochote, maana Dar ina kila unachotakiwa kukiona kwa macho: mlango wa bandari mwembamba, meli kubwa, visiwa vya karibu, mafungu ya mchanga yanayotokea na kupotea, na wavuvi waliokulia kwenye maji haya haya. Utaona nimeanza na maji kujaa na kupwa, ingawa kozi nyingi za Ulaya zinaanza na chati, yaani ramani ya bahari. Nimefanya hivo makusudi. Hapa kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 3 na zaidi, na chini ni matumbawe, ukigusa umetoboa, kwaiyo mtu asiyeyajua maji hata umpe chati nzuri kiasi gani haitamsaidia.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa, ni vichache

Chati ya bahari ya Dar na maeneo yake (hata ya zamani inatosha kwa kujifunzia, ila usije ukaenda nayo baharini), rula ya sambamba au plota, bikari yenye ncha mbili za chuma, penseli laini ya 2B na kifutio kizuri, dira ya mkononi, jedwali la maji la mwaka huu, na daftari gumu. Penseli ikiwa ngumu itachana chati, ikiwa laini unafuta na kuchora tena. Basi, ndo hivyo tu, mengine yatakuja.

Simu yenye GPS unayo tayari, na ni kitu kizuri sana, sitaki mtu aidharau. Ila simu inalowa, chaji inaisha, jua la saa saba linaifanya ijizime kwa joto, na hata ikiwaka inakwambia ulipo tu, haikwambii kama maji yatatosha pale unapoenda baada ya saa moja. Hilo lazima ulipige hesabu mwenyewe.

Hatua ya 2: Maji

Hapa kaa muda mrefu, usikimbie. Pwani yetu inapata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa 6 na robo, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana, na kilele chake huwa kinakuja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, yanacheza mita 1 hivi tu. Bamvua kubwa kuliko zote zinaangukia karibu na mwezi wa 3 na mwezi wa 9. Wazee wa pwani wanaokwenda na tarehe za mwezi wa Kiislamu wanajua haya bila kufungua jedwali, tarehe moja na tarehe kumi na tano wameshajua.

Kuna jambo moja la Dar ambalo ukilishika litakusaidia maisha yako yote: siku za bamvua maji yanakupwa sana asubuhi kama saa nne hivi, na yanajaa sana jioni kama saa kumi, na alfajiri vivyo hivyo. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa katikati ya asubuhi. Kwaiyo ukiangalia tu mwezi usiku, kesho yake unaweza kukadiria hali ya maji ukiwa bado kitandani.

Sasa chukua jedwali. Namba ya mita iliyoandikwa pale unaijumlisha na kina kilichoandikwa kwenye chati. Chati imeandika kina cha maji yakiwa yamekupwa kabisa kabisa, yaani kiwango ambacho maji karibu hayashuki chini yake, ili ukikosea ukosee upande wa usalama. Kwaiyo chati ikisema mita 2 na jedwali likasema saa hiyo maji ni mita 1.5, hapo kuna mita 3.5. Ukiona namba imepigwa mstari chini yake, hiyo sio kina, ni kimo, yaani hapo panatoka nje maji yakikupwa, na unatakiwa kutoa badala ya kujumlisha. Watu wengi wanaoanza wanapita juu ya huo mstari mdogo bila kuuona, nakuomba uutafute kila unapofungua chati.

Angalia pia masaa. Jedwali linaandika saa 16:10, sisi ni saa kumi na dakika kumi jioni, na mengine ya kwenye intaneti yameandikwa kwa saa za kimataifa, hayo unaongeza masaa 3 ndo yanakuwa ya hapa. Hakikisha kabla hujaamini. Mtu akichanganya saa za Kiswahili na za jedwali anakosea masaa 6, na masaa 6 ndo tofauti ya kujaa na kupwa, kwaiyo atafika kwenye fungu akitegemea maji akute mchanga mkavu.

Alafu kuna kanuni ya sehemu kumi na mbili. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja, ni kama daladala inayotoka kituoni, inaanza taratibu, katikati inakimbia, ikikaribia kituo kinachofuata inapunguza. Gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12: saa ya kwanza inapanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tufanye mfano wa bamvua. Kupwa saa nne asubuhi mita 0.4, kujaa saa kumi jioni mita 3.4, tofauti ni mita 3, kila sehemu ni mita 0.25. Saa tano asubuhi maji ni 0.65, saa sita ni 1.15, saa saba ni 1.9, saa nane ni 2.65. Sasa unataka kupita juu ya fungu ambalo chati inasema linatoka mita 1 nje. Saa sita juu yake kuna sentimita 15. Saa saba kuna sentimita 90, sehemu ya chombo chako inayokaa ndani ya maji ni sentimita 60, kinadharia unapita, ila kuna mawimbi, na wimbi likikuinua litakushusha, kwaiyo mimi nakwambia subiri. Saa nane kuna mita 1.65, hapo pita na amani. Saa moja tu ya kusubiri.

Zoezi la kufanya bila boti: nenda Coco Beach au Msasani siku ya bamvua saa nne asubuhi, angalia maji yameenda wapi, weka alama kwa jiwe au nguzo, kaa mpaka saa nane kila saa ukiandika maji yamefika wapi, linganisha na hesabu zako. Rudia wiki inayofuata maji yakiwa mafu. Ukifanya hili mara mbili tatu hutasahau tena, na ni bure.

Ukiwa hapo wasogelee wavuvi, hasa watu wazima. Msalimie kwanza vizuri, "Shikamoo mzee", mwache akuitikie, ongea naye kidogo habari za maji, ndo uulize, "Mzee wangu, leo yanaanza kujaa saa ngapi, na lile fungu kule linatoka?" Utajibiwa, na mara nyingi utaambiwa zaidi ya ulichouliza. Andika. Baadae kaangalie kwenye chati kama vinakubaliana.

Hatua ya 3: Upepo wa msimu na taarifa za hali ya hewa

Kaskazi inavuma kama kuanzia Desemba mpaka Machi, ikitoka kaskazini mashariki. Kusi inaanza kama Aprili au Mei mpaka Septemba na Oktoba, ikitoka kusini na kusini mashariki, na ndo yenye nguvu, hasa Juni na Julai. Katikati kuna maleleji, upepo unabadilika badilika na mara nyingi ni mwepesi, hicho kipindi ni kizuri kwa mwanafunzi. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, na mchana jua likipasha ardhi upepo wa baharini unaongezeka, kwaiyo ukitoka asubuhi kumetulia usifikiri utarudi jioni hali ikiwa ile ile.

Ghuba ya Msasani imefungukia kaskazini. Maana yake wakati wa kusi rasi yenyewe inakukinga, ndani maji yametulia unajidanganya na nje hakuko hivyo kabisa. Wakati wa kaskazi ni kinyume, upepo unaingia moja kwa moja na vyombo vilivyotia nanga vinarukaruka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri wa bahari kila siku, soma kabla ya kila safari, hata ya nusu saa. Wakisema upepo unafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, kokotoa: noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwaiyo hiyo ni kama noti 22, na kwa mtu anayeanza na mashua ndogo hiyo siku ni ya kusoma nyumbani. Meli ya MV Skagit ilitoka hapa Dar tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikazama karibu na Chumbe na watu wengi wakapoteza maisha, na ile ilikuwa meli ya abiria, sio mashua. Vimbunga navyo, japo ni nadra kwetu, vinakuja, Hidaya ilifika Mafia mwezi Mei 2024. Hizi taarifa za tahadhari zichukulie kwa uzito.

Na kitu kimoja ambacho watu hawakiwazi: upepo ukija upande mmoja na maji yakaenda upande wa pili, mawimbi yanakuwa mafupi na yanasimama wima. Maji yakiwa yanatoka bandarini kwa nguvu na upepo unaingia kutoka baharini, pale mlangoni panachafuka, subiri maji yageuke utaona hali imekuwa nyingine.

Hatua ya 4: Chati na dira

Tandaza chati mezani. Pembeni kushoto na kulia kuna mistari ya latitudo, hapo ndo unapimia umbali, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1852. Usipimie juu wala chini ya chati, kule ni longitudo. Dar iko kama digrii 6 na dakika 49 kusini, digrii 39 na dakika 17 mashariki, itafute. Rangi: nchi kavu ni ya manjano iliyofifia, kijani ni panapofunikwa na kufunuliwa na maji, bluu ni maji mafupi, nyeupe ni kilindi. Herufi ndogo zinakwambia chini kuna nini, S ni mchanga, M ni tope, Co ni matumbawe, R ni mwamba. Zikariri hizo nne kwanza.

Tafuta Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini upande wa kaskazini, alafu Makatumbe yenye mnara wa taa nje ya mlango wa bandari, na Sinda upande wa kusini. Kwa kila kimoja jiulize: mwamba wake umetanuka mpaka wapi? Kisiwa unachokiona kwa macho ni kidogo kuliko kisiwa chenyewe, sehemu kubwa iko chini ya maji, na chati ndo inayokuonyesha.

Sasa dira. Kaskazini ya chati na kaskazini ya sumaku sio kitu kimoja, tofauti yake inaitwa variesheni, na hapa Dar ni digrii chache upande wa magharibi. Soma kwenye duara la dira lililochorwa kwenye chati yako, limeandika mwaka na linabadilika kiasi gani kila mwaka. Tuchukulie ni digrii 3 magharibi. Ukitoka kwenye chati kwenda kwenye dira unaongeza, ukitoka kwenye dira kwenda kwenye chati unatoa. Chati inasema 010, dira usukumie 013. Digrii 3 zinaonekana ndogo, ila safari ya Unguja ni kama maili 40, ukikosea digrii 3 njia nzima unafika maili 2 pembeni. Kuna na deviesheni, ambayo ni makosa yanayoletwa na vyuma na sumaku za kwenye chombo chako chenyewe. Spika ya muziki iliyowekwa karibu na dira inatosha kukupoteza. Simu pia. Kisu pia.

Kujua ulipo bila GPS: chagua vitu vitatu unavyoviona na vimo kwenye chati, mfano ncha ya kisiwa, mnara, na ncha ya rasi, viwe vimetawanyika sio vyote upande mmoja. Elekeza dira kwa kimoja kimoja, andika digrii na saa, toa variesheni, chora mistari mitatu kwenye chati. Itakatana na kutengeneza pembetatu, uko ndani yake au karibu yake. Pembetatu ikiwa kubwa rudia. Hili zoezi unalifanya ukiwa umesimama ufukweni Kunduchi au pale Slipway, na uzuri wake ni kwamba unapojua umesimama wapi unajisahihisha mwenyewe hapo hapo.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo wavuvi wetu wanaitumia siku zote: vitu viwili vikiwa kwenye mstari mmoja, mnazi na nyumba, mnara na ncha ya kisiwa. Vikikaa sawasawa uko kwenye mstari huo, hakuna betri, hakuna hesabu. Cha mbele kikihamia kushoto kwa cha nyuma, wewe umesogea kulia. Kwa kupita kati ya miamba mimi naiamini hii kuliko kitu chochote cha umeme, tafuta za kwako na uziandike daftarini.

Hesabu ya mwendo: umbali ni noti mara masaa. Kutoka Slipway mpaka Bongoyo tuseme ni maili 3, unakwenda noti 4, ni dakika 45. Ikiwa kuna mkondo unakusukuma kwa ubavu noti 1, kwa hizo dakika 45 umesukumwa robo tatu ya maili, zaidi ya kilomita moja, na muda wote pua ya chombo inaangalia kisiwa na wewe unajiona uko sawa. Ndo maana unapima tena kila baada ya muda, hata ukiwa na uhakika. Kwenye pwani yetu mkondo mkubwa wa bahari unaelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi una nguvu zaidi kwasababu upepo unausukuma.

Hatua ya 5: Maboya na taa

Tanzania tuko kwenye mfumo wa kundi A, ukiingia bandarini kutoka baharini maboya mekundu yanakuwa kushoto kwako na ya kijani kulia. Marekani, Japani na Ufilipino ni kinyume, kwaiyo kuwa makini na vidio unazoangalia. Kwa mlango wa Dar maana yake mekundu ni upande wa Kigamboni na ya kijani ni upande wa mjini. Panda kivuko cha Magogoni ukiyatafuta kwa macho.

Maboya ya manjano na meusi yanakwambia upite upande gani wa hatari. Yana koni mbili juu: zote zikiangalia juu pita kaskazini yake, zote chini pita kusini, zikiachana moja juu moja chini pita mashariki, ncha zikikutana pita magharibi. Jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili limekaa juu ya hatari yenyewe, kaa mbali nalo. Jekundu na jeupe la mistari ya wima ni maji salama pande zote.

Usiku chati inakupa tabia ya taa, mfano Fl(2) 10s 15M, yaani inamulika mara mbili kila sekunde 10 na inaonekana maili 15. Hesabu kwa saa, usikadirie. Ila usiku sio wa mwanafunzi, jifunze ukiwa nchi kavu.

Hatua ya 6: Sheria za kupishana

Zinaitwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, na zinakuhusu hata wewe wa mashua ya mita 5. Ya kwanza kabisa ni kuangalia, muda wote, kwa macho na masikio. Vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso kila mmoja anakata kulia. Vikikatizana, anayemwona mwenzake mkono wake wa kulia ndo anampisha. Anayempita mwenzake kwa nyuma ndo anayekaa pembeni, hata kama ana tanga. Kwa matanga mawili: upepo ukikuingilia kushoto unampisha ambaye unamwingilia kulia, na wote upepo ukiwaingilia upande ule ule, aliye upande wa upepo anampisha wa chini yake.

Injini inapisha tanga, tanga linampisha mvuvi ambaye nyavu zake zinamzuia kugeuka. Mvuvi anayekokota mshipi tu hahesabiki hapo, ila mimi nampisha, ndo riziki yake ile.

Sasa, pale mlangoni na kwenye njia za meli tanga halina haki. Sheria inasema chombo chini ya mita 20 na chombo cha tanga visimzuie anayeweza kupita tu ndani ya njia nyembamba, na meli ya makontena haiwezi kukukwepa hata nahodha wake akitaka. Boti za mwendo kasi za Unguja zinakata kama maili 40 chini ya masaa mawili, yaani zaidi ya noti 20, kila dakika tatu maili imekwisha. Ukiiona ndogo kule mbali una dakika chache sana.

Namna ya kujua kama mtagongana: mpime kwa dira. Baada ya dakika mpime tena. Digrii zikiwa zile zile na anazidi kuwa mkubwa, mnaelekea sehemu moja, fanya kitu mapema na kionekane wazi. Hili unaweza kulifanyia mazoezi ukiwa abiria kwenye kivuko, angalia vyombo vinavyokatiza mbele, jiulize nani ampishe nani, alafu angalia kilichotokea. Darasa zuri kuliko hilo sijui liko wapi.

Milio ya honi: mmoja mfupi nakata kulia, miwili nakata kushoto, mitatu injini inarudi nyuma, mitano sielewi unafanya nini. Ukisikia mitano jua unaambiwa wewe.

Hatua ya 7: Nanga, kamba, na uokozi

Nanga inashika kwa kamba ndefu, sio kwa uzito. Kwa mnyororo mtupu toa mara 4 ya kina, kwa kamba mara 6, na kina unachohesabu ni cha maji yakiwa yamejaa. Umetia nanga saa nne asubuhi ya bamvua kwenye mita 3, ukaenda kuogelea na kula samaki, saa kumi hapo ni mita 6, ongeza mita 1 ya kimo cha omo, yaani pua ya chombo, ni 7 mara 6, kamba mita 42. Aliyetoa mita 18 anakuta chombo kinatembea. Tia kwenye mchanga, kamwe sio juu ya matumbawe, na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, pana taratibu na ada zake.

Mafundo jifunze manne tu: la kitanzi kisichokaza yaani boulaini, la nane la kuzuia kamba isipenye, la kufungia nguzoni, na la kupunguzia tanga. Fanya usiku umezima taa mpaka mikono ijue. Wavuvi wa Msasani watakuonyesha kwa dakika tano.

Jaketi la uokozi kila mtu avae, asikalie. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, chaneli 16 ndo ya kuitia msaada. Sema MAYDAY mara tatu, jina la chombo mara tatu, ulipo, kuna tatizo gani, watu wangapi, na unahitaji nini, alafu achia kitufe usikilize. Iandike kwenye karatasi ubandike karibu na redio, ili hata mgeni wako aweze kuisoma wewe ukiwa umeanguka majini.

Hatua ya 8: Kozi, ukitaka cheti

Chama cha Uingereza cha RYA kina kozi za nadharia zinazosomwa kwa mtandao kupitia shule zake: Essential Navigation and Seamanship ni ya wanaoanza, kama masaa 16, na Day Skipper inaingia ndani zaidi, kama masaa 40 na mitihani. Mifano yake ni ya maji ya Ulaya, kwaiyo kila zoezi ukilimaliza lirudie kwa chati ya Dar. Anayetaka ubaharia kama kazi aende Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na mambo ya ukaguzi na usajili wa vyombo yako TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, waulize kabla hujanunua chombo.

Hatua ya 9: Andika safari yako ya kwanza

Chukua karatasi, panga Slipway kwenda Bongoyo na kurudi kama vile unaenda kesho. Andika: saa za kupwa na kujaa na mita zake, utabiri wa upepo umeubadilisha kuwa noti, mstari wa kwenda kwa digrii za dira, umbali na muda, mafungu na miamba iliyo karibu na mstari na saa ngapi inapitika, vitu viwili vya kuweka kwenye mstari mmoja wakati wa kukaribia, utatia nanga wapi na kamba mita ngapi, na ukishindwa utakimbilia wapi. Panga ukaribie miamba jua likiwa juu, kati ya saa nne na saa tisa, matumbawe yanaonekana kahawia, mchanga mweupe mweupe, kilindi bluu, ila ukiwa unaangalia jua usoni huoni kitu. Saa ya mwisho ya kuanza kurudi iandike kwa kalamu ya wino.

Ipeleke hiyo karatasi kwa nahodha unayemwamini aisome na kuikosoa, usikie atakachosema. Siku ukienda kweli, nenda naye, yeye ashike usukani na wewe ushike karatasi, kila baada ya dakika 15 mwambie mko wapi kabla hajakuonyesha. Nakala moja muachie mtu wa nchi kavu yenye idadi ya watu, rangi ya chombo na tanga, na saa mnayotegemea kurudi, na mkubaliane ikipita saa ngapi bila simu yako yeye aanze kupiga kuomba msaada. Mkishatia mguu Slipway mpigie huyo mtu kwanza, kabla hamjaanza kukunja tanga.